Oxford Advanced Learner's Dictionary na mtihani wa "hold someone spellbound"

Kamusi ya Kiingereza haipimwi vizuri kwa neno ambalo msomaji halijui kabisa, kwa sababu hapo karibu kila kamusi humsaidia. Hupimwa kwa fungu la maneno analolielewa nusu. Fungu nililolichagua kwa tathmini hii ni "to hold someone spellbound", ambalo wasemaji wa Kiingereza hulitumia wanapomsifu msimuliaji, mwimbaji, mhubiri au wakili aliyewashika wasikilizaji wake hata wakawa hawana habari na kitu kingine. Msomaji wa Afrika Mashariki anayekutana nalo gazetini hukisia maana yake bila taabu: watu wamevutiwa mno. Taabu huanza siku anapotaka kuliandika mwenyewe, katika wasifu wa kazi, katika habari ya tamasha au katika tafsiri ya hotuba. Nilitaka kuona Oxford Advanced Learner's Dictionary, katika tovuti yake ya bure na katika toleo lake la 10 la mwaka 2020, inamfikisha wapi msomaji huyo.

Kamusi hii haikutungwa kwa ajili ya Waingereza, na jambo hilo ndilo asili ya ubora wake. A. S. Hornby alikwenda Japani katika miaka ya 1920 kufundisha Kiingereza, akaona kwamba wanafunzi wake walizijua maana za maneno na bado sentensi zao zilikwenda kombo. Yeye na wenzake E. V. Gatenby na H. Wakefield walitunga kamusi iliyochapishwa kwanza Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford ikaitoa upya mwaka 1948. Jipya lake lilikuwa kuonyesha kila kitenzi kinajengaje sentensi: kinachukua yambwa au hakichukui, kinafuatwa na kitenzi kingine katika umbo gani, kinahitaji kihusishi kipi. Mwalimu yeyote aliyepata kusahihisha "he suggested me to go" katika madaftari ya wanafunzi wa Morogoro au Nakuru ataona mara moja kwamba ugonjwa alioutibu Hornby haukuwa wa Wajapani peke yao.

Kitomeo cha "spellbound", yaani neno pamoja na maelezo yake katika kamusi, kimeorodheshwa kama kivumishi, na fasili yake ni fupi na safi: ni hali ya mtu ambaye usikivu wake wote umeshikwa na kile anachokisikiliza au anachokitazama. Fasili za kamusi hii huandikwa kwa msamiati mdogo uliochaguliwa, kwa hiyo anayetafuta neno moja halazimiki kutafuta mengine matano ili aelewe jibu. Fasili hiyo fupi imebeba jambo ambalo wengi hulikosa, nalo ni kwamba neno hili ni la sikio na jicho. Mtu hukaa "spellbound" mbele ya hadithi, wimbo, mchezo au hotuba. Aliyependezwa na bei ya kiwanja au na masharti ya mkopo hawi "spellbound", hata kama furaha yake ni kubwa kiasi gani, na anayeandika hivyo katika tangazo la benki atasomeka kama mtu anayefanya mzaha.

Jambo la pili ni muundo. Kitenzi ni "hold", kisha hutajwa walioshikwa, kisha hufuata "spellbound": "She held the audience spellbound." Kiima kinaweza kuwa mtu, na kinaweza kuwa kitu alichokitoa mtu huyo, yaani sauti, kisa au ngoma yenyewe. Katika kauli ya kutendwa wasikilizaji hutangulia, "we were held spellbound", na bila "hold" neno huambatana na vitenzi vya kukaa na kusikiliza, kama vile "they sat spellbound" au "the children listened spellbound". Kosa ambalo nimelikuta mara nyingi zaidi katika kazi za kuhariri ni "she spellbounded us". Lina mantiki yake, kwa kuwa mwandishi ameona neno linalofanana na kitenzi akaliongezea alama ya wakati uliopita, bila kujua kwamba "bound" tayari ni umbo la wakati uliopita la "bind". Kitenzi "spellbind" kipo, ila hutumika kwa nadra. Watoto wake wawili ndio wanaoishi mjini. Wa kwanza ni "spellbinding", sifa ya onyesho au usimulizi. Wa pili ni "spellbinder", jina ambalo Wamarekani wa mwishoni mwa karne ya 19 waliwapa wasemaji wa majukwaa ya kampeni walioweza kuwashika watu kwa ulimi.

Hapa kamusi inafanya kazi yake, lakini inaifanya kwa kubana matumizi. Mifano ni michache, na msomaji anaachiwa aibaini mwenyewe miundo yote niliyoitaja. Tena haambiwi kwamba neno hili halipandi ngazi. Kiingereza husema "completely spellbound" au "utterly spellbound" kwa urahisi, lakini "very spellbound" humkwaruza msikilizaji, kwa sababu mtu ama ameshikwa au hakushikwa. Kwa kamusi iliyozaliwa na mwalimu wa sarufi, hilo lilistahili mstari mmoja.

Mahali ambapo kamusi imestahili sifa zangu zote ni katika jirani hatari wa fungu hili, "captive audience". Mshereheshaji mmoja wa harusi aliniletea maelezo ya kazi yake kwa Kiingereza niyapitie kabla hajayaweka hadharani, na kifungu alichojivunia kuliko vyote kilisema kwamba katika kila shughuli huwa na "a captive audience". Alikusudia kusema kwamba watu humsikiliza kwa kuvutiwa. Alichokiandika ni kwamba watu humsikiliza kwa kukosa pa kwenda. Ukifungua "captive" katika kamusi ya Oxford, utaambiwa waziwazi kwamba hao ni watu wanaosikiliza kwa sababu hawana hiari, na kitomeo cha "captivate" kinachotangulia karibu yake kitakueleza kwamba hilo ndilo la kuvutia na kuteka usikivu. Anayetaka sifa na aseme "a captivated audience", au bora zaidi, "I captivate my audience", ingawa hata hilo kwa maoni yangu ni jambo la kusemwa na wengine juu yako.

Mfano wa "captive audience" halisi hauhitaji kwenda mbali. Abiria wa basi la mkoani wanaomsikiliza muuza dawa aliyesimama katikati ya viti akieleza mizizi inayotibu maradhi saba, huku mlango umefungwa na basi liko mwendoni, ndio "captive audience" kamili. Ikiwa muuzaji huyo ana kipaji, na wapo wenye kipaji cha kutisha, baada ya robo saa abiria hao hao wanaweza kuwa "spellbound". Maneno haya mawili hayapingani. La kwanza linaeleza mlango na la pili linaeleza ulimi.

Tofauti hiyo ina uzito hata mahakamani. Nchini Marekani mikutano ambayo mwajiri huwalazimisha wafanyakazi kuhudhuria, ili awape hoja za kutojiunga na chama cha wafanyakazi, huitwa "captive-audience meetings". Mnamo Novemba 2024 bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi ya nchi hiyo iliamua kwamba kuwalazimisha wafanyakazi kwa tishio la adhabu ni kinyume cha sheria, ikiutengua msimamo wake wa tangu mwaka 1948. Mtafsiri atakayeandika kwamba ni "mikutano ya kuvutia" atakuwa ameigeuza kesi nzima juu chini.

Fungu jingine la jamii hii ni "to have someone eating out of your hand", yaani kuwafanya watu wale chakula kutoka mkononi mwako. Picha yake ni ya mnyama aliyefugwa akazoea. Wasemaji hulitumia kwa mwanasiasa au mchekeshaji aliyewapata watu mapema, na kamusi inaeleza vyema kwamba maana yake inafika hadi utiifu: watu hao watakubali kufanya lolote utakalo. Kwa hiyo sifa hii ina ukakasi ambao "spellbound" haina. Ukimwandikia hivyo mhubiri katika salamu za shukrani utakuwa umemwita mjanja na waumini wake ndege wa kufugwa. Katika kitabu cha karatasi kulipata fungu hili kunataka ujue kanuni ya nyumba: nahau huwekwa chini ya neno la kwanza lenye uzito, na kwa kuwa "have" ni kitenzi cha kawaida mno, anayeanza nalo atapotea, atafute "eat". Katika tovuti tatizo hilo halipo, kwani kisanduku cha kutafutia huleta nahau popote ilipofichwa.

Udhaifu mkubwa wa kamusi hujitokeza unapoipa maneno ya ukoo huu yote kwa pamoja. "Captivate", "enthral", "mesmerize", "enchant" na "fascinate" yana fasili ambazo zinakaribia kubadilishana nafasi. Kila moja inarudi kwenye usikivu uliotekwa au mvuto mkubwa, kisha inakuelekeza kwa ndugu yake kama kisawe. Msomaji anazunguka mduara na kurudi alikotoka. Ajuaye Kiingereza kwa mazoea hatayachanganya. "Enchanting" hufaa bustani, mtoto au jioni tulivu, na hubeba wepesi. "Enthralled" ni zito na la kimaandishi. "Fascinated" lina udadisi wa akili ndani yake, kwa hiyo mtu anaweza kuwa "fascinated" na mdudu au na historia ya reli, mambo ambayo hayamfanyi akae "spellbound". "Mesmerized" huenda na kitu kinachojirudia au kinachotazamwa bila kupepesa, kama mawimbi, moto, mzunguko wa wacheza ngoma au macho ya mtu.

Tofauti hizo hazikutoka hewani. Nyingi zimetoka katika historia ya kila neno, na hapo kamusi ya wanaojifunza inatoa dondoo tu pale inapotoa. Ni hasara, kwa sababu ukoo huu wa maneno una historia ya kusisimua kuliko mwingine wowote ninaoufahamu katika Kiingereza. "Enthral" limejengwa juu ya "thrall", neno lililotoka kwa Waskandinavia wa kale likiwa na maana ya mtumwa. "Charm" linatoka katika neno la Kilatini lenye maana ya wimbo. "Fascinate" linatoka katika neno la Kilatini la uchawi, na wakati mmoja lilisemwa juu ya nyoka aliyeaminiwa kuwaduwaza ndege kwa macho. "Mesmerize" ni jina la mtu. Franz Anton Mesmer, tabibu aliyezaliwa mwaka 1734, alifanya kazi Vienna kisha akahamia Paris mwaka 1778. Huko wagonjwa walikaa kuzunguka pipa lenye fito za chuma wakisubiri nguvu ya sumaku aliyodai kuwa imo katika miili ya viumbe. Mwaka 1784 mfalme Louis XVI aliunda tume iliyowajumuisha Benjamin Franklin na mkemia Antoine Lavoisier, nayo ikakuta kwamba nguvu hiyo haikuthibitika na kwamba yaliyowapata wagonjwa yalitokana na fikra zao. Tiba ilikufa, kitenzi kikabaki.

Na "spell" yenyewe, katika Kiingereza cha kale, ilikuwa na maana ya hadithi au usemi tu, bila uchawi wowote. Ndiyo iliyomo ndani ya "gospel", yaani habari njema. Maana ya maneno ya uganga iliingia baadaye, katika karne ya 16. Kwa hiyo msimuliaji anayewashika watu "spellbound" amewafunga kwa kitu ambacho jina lake la kwanza lilikuwa hadithi. Mwanafunzi akishaambiwa hilo hasahau tena kwamba neno ni la usimulizi na maonyesho, na nashangaa wahariri hawalitumii kama kifaa cha kufundishia.

Wapinzani wawili wanastahili kutajwa. Collins COBUILD, iliyotolewa mwaka 1987 na kundi lililoongozwa na John Sinclair katika Chuo Kikuu cha Birmingham, huandika fasili kwa sentensi kamili, zikianza na kitu kama "ukiwa katika hali hii kwa sababu ya mtu au jambo fulani, basi…". Njia hiyo inaonyesha muundo na maana kwa pigo moja, na kwa fungu letu inamfaa zaidi mwandishi kuliko fasili ya Oxford, ingawa kwa maneno mepesi sentensi zake huwa ndefu hata zikachosha. Longman Dictionary of Contemporary English, ya mwaka 1978, ndiyo iliyojulikana kwa kueleza kila kitu kwa takriban maneno 2,000 pekee. Mwanafunzi wa kidato cha pili ataipenda. Mtafsiri ataona imelainisha mno kingo za maneno ya aina hii.

Kamusi za Kiingereza kwa Kiswahili ni chombo cha kazi nyingine, na si haki kuzishindanisha na hizi. Frederick Johnson mwaka 1939, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1996, walilazimika kutoa visawe katika nafasi finyu, na kisawe hakiwezi kubeba muundo. Anayezitumia kwa fungu hili atachagua kati ya kuteka, kuvutia, kuduwaza na kupumbaza, na kila chaguo lina bei yake. Binafsi huandika "aliwateka wasikilizaji" ninapohakikisha kwamba mazingira ya sentensi ni ya jukwaa, kwa kuwa siku hizi mtu akisoma "aliwateka" peke yake moyo wake hukimbilia habari za polisi. Kupumbaza lina dharau ndani yake. Kuroga ni kali mno kwa gazeti, ingawa mitaani msichana husema mwimbaji fulani "ameniroga" na hakuna anayeenda kumshtaki.

Upande wa huduma, tovuti ya Oxford inafunguka bila kujisajili na bila malipo, na matamshi yapo ya Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani kwa sauti ya kusikiliza. Kwa wasemaji wa Kiswahili, kipengele hicho kina faida ambayo haielezwi katika matangazo yao. Lugha yetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi huupeleka mazoea hayo kwenye Kiingereza. "Spellbound" hutoka salama kwa sababu mkazo wake uko hapo hapo. "Captivate" na "mesmerize" huumia, maana mkazo wake uko mwanzoni, na "enthral" huumia kwa upande mwingine, kwa kuwa mkazo wake uko mwishoni. Kusikiliza mara chache kunatosha kurekebisha. Neno hilo la mwisho huandikwa pia "enthrall" na Wamarekani, na kamusi inaonyesha maumbo yote mawili. Hilo linamwokoa mwanafunzi na mabishano na programu ya kusahihisha tahajia.

Karaha ya tovuti ni matangazo, ambayo kwenye simu ndogo husukuma fasili chini na kula bando la mtu aliyetaka kusoma mistari mitatu. Programu ya simu haina usumbufu huo na hufanya kazi bila mtandao baada ya kupakuliwa, lakini yote yaliyomo hayapatikani bila kulipia. Kitabu cha karatasi ni kizito na bei yake si ya mwanafunzi wa kawaida. Shule yenye maktaba inaweza kununua nakala chache zikahudumia madarasa mengi, na hata toleo la 8 la mwaka 2010 au la 9 la mwaka 2015 linafaa kabisa kwa mambo niliyoyazungumzia hapa, kwa kuwa maana na miundo ya maneno ya kiwango hiki haibadiliki kwa muongo mmoja. Nikiwa na kompyuta mbele yangu, nafungua Oxford kwa ajili ya maana na matamshi, kisha COBUILD kwa ajili ya sentensi. Nikilazimishwa kubaki na moja nitabaki na Oxford, kwa sababu ya "captive audience" peke yake: mshereheshaji wangu alibadilisha kifungu chake baada ya kuonyeshwa kitomeo hicho kwenye simu, na hakuhitaji maelezo yangu ya ziada.